Fimbo Mbili za Kutembelea



Ufini, wanamichezo wa kuteleza kwenye theluji walikuwa wakijinoa kiangazi kwa kutembea na fimbo mbili. Mwaka 1997 fimbo maalumu zikaanza kuuzwa, na watu wa kawaida wakajiunga. Fimbo huelekezwa nyuma, mkono wa kulia ukienda na mguu wa kushoto. Ukisukuma, mabega na mgongo navyo hufanya kazi.

Huku kwetu Mbaha na Liuli, mama anayepanda kutoka ziwani na ndoo kichwani simwongezei zoezi, amekwisha kulifanya. Namfikiria babu aliyeacha uvuvi, anayeshinda barazani magoti yakikaza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Babu aanze na dakika 10 ufukweni, pale mchanga ulipoloa na kushikamana, mjukuu akiwa ubavuni. Vijana wapande kilima. Kila kundi na mwendo wake, na aliye nyuma asichekwe.

Fimbo mbili nyepesi za mti zinatosha, zimfikie mtu usawa wa kiwiko. Mwenye presha apitie kwanza zahanati, apimwe.