Kivuli cha Mti wa Miiba
(Waamuzi 9:7-15)

Neno tunalolitafakari mwezi huu latoka katika Kitabu cha Waamuzi. Abimeleki alikuwa amekwisha kuwaua ndugu zake juu ya jiwe moja, na watu wa Shekemu wamemfanya mfalme. Ndipo Yothamu, mdogo wao aliyejificha akapona, akasimama juu ya mlima Gerizimu akawapigia mfano. Miti ilitoka kujitafutia mfalme. Mzeituni ulikataa kuyaacha mafuta yake, mtini ukakataa kuuacha utamu wake, na mzabibu ukakataa kuiacha divai yake. Basi miti ikauendea mti wa miiba, nao ukakubali mara moja, ukiialika yote ije kivulini pake; na isipokuja, moto utatoka kwake uiteketeze hata mierezi ya Lebanoni.

Angalieni sana, ndugu: mti wa miiba hauna kivuli. Neno lake la kwanza ni uongo. Neno lake la pili, lile la moto, ndilo kweli.

Mfano huu twauona umetimia katika nchi ya Kambodia, huko Asia, ambayo watu wake wengi ni Wabudha. Tarehe 18 Machi 1970 mtawala wa nchi, Norodom Sihanouk, aliondolewa alipokuwa safarini ng'ambo, na Jenerali Lon Nol akaishika serikali. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikawaka. Msituni palikuwako kundi la wakomunisti walioitwa Khmer Rouge, maana yake Wakhmer Wekundu. Kiongozi wao alikuwa Saloth Sar, aliyejiita baadaye Pol Pot, mtu aliyepata kusoma Paris, kisha akawa mwalimu wa shule katika mji mkuu wa Phnom Penh, hata alipokimbilia msituni mwaka 1963. Mwanzo wa vita watu hao walikuwa wachache. Baada ya miaka mitano walikuwa mabwana wa nchi nzima. Je! jambo hilo lilikuwaje?

Kwanza, Sihanouk mwenyewe, akiwa Beijing, aliwaita watu wake wajiunge na wapiganaji wa msituni. Wakulima wengi wakaenda, si kwa kuupenda ukomunisti wasioujua, bali kwa kumpenda mtu waliyemheshimu kama mfalme. Pili, ndege za Marekani zilitupa mabomu mengi mno katika nchi ile, hata zilipokomeshwa tarehe 15 Agosti 1973. Na kijana aliyewazika wazazi wake hakuwa mgumu kushawishiwa ashike bunduki. Tatu, wakuu wengi wa jeshi la Lon Nol waliandika katika daftari majina ya askari wasiokuwako, wakala mishahara yao, huku askari wa kweli wakilala njaa pamoja na watoto wao.

Wakatekista wanaofundisha Amri ya Saba na waukumbuke mshahara huo ulioibiwa. Mwizi wa daftari hakufikiri ya kuwa anaiuza nchi yake. Alifikiri anajipatia nyumba tu. Lakini miiba haimei katika shamba linalopaliliwa. Kila aliyepewa mafuta au utamu au divai, akakataa kuyatoa kwa ajili ya jirani zake, amefungua njia kwa mti wa miiba. Kwa hiyo tusiseme ya kwamba kilio cha maskini wa Kambodia kilikuwa uongo. Kilikuwa kilio cha kweli, kama kile alichokisikia nabii Amosi. Ila waliokiitikia walikuwa na moto mikononi.

Tarehe 17 Aprili 1975 wapiganaji waliingia Phnom Penh. Watu wengi walitoka kuwalaki kwa furaha, wakidhani amani imekuja. Siku ile ile wakaamriwa kuuacha mji, wote pia, wapata milioni mbili kwa kadiri, hata wagonjwa wakatolewa katika vitanda vya hospitali. Fedha ikafutwa, masoko na shule zikafungwa, watawa wa Kibudha wakavuliwa mavazi yao, Waislamu wa kabila la Cham wakateswa, na kanisa kuu la Wakatoliki mjini likabomolewa. Joseph Chhmar Salas, aliyewekwa kuwa askofu siku tatu tu kabla mji haujaanguka, alikufa mwaka 1977 katika taabu ile ile ya watu wake.

Watawala wapya walijiita Angkar, maana yake Shirika. Watoto walifundishwa ya kuwa Shirika ndilo baba yao na mama yao, tena ya kuwa lina macho mengi kama nanasi. Hapa twaona Amri ya Kwanza na Amri ya Nne zikivunjwa pamoja: chama cha wanadamu kimekaa mahali pa Mungu, kikawanyang'anya wazazi heshima yao. Na amri hizo zikiisha kuvunjwa, ile ya Tano haidumu. Hata tarehe 7 Januari 1979, jeshi la Vietnam lilipowafukuza watawala hao, watu kati ya milioni moja na nusu na milioni mbili walikuwa wamekufa kwa njaa, kwa magonjwa, kwa kazi ngumu na kwa kuuawa, katika nchi yenye watu wapata milioni nane. Moto haukuuacha hata mti wa miiba wenyewe, maana wengi wa waliouawa katika gereza la S-21 walikuwa watu wa chama chenyewe.

Kosa la mafundisho yao lilikuwa nini? Waliamini ya kuwa uovu unakaa katika watu wa namna fulani: mtu wa mjini, mfanya biashara, msomi. Waondolewe hao, nchi itatakata. Lakini Neno la Mungu latufundisha ya kuwa uovu hutoka moyoni mwa kila mtu, wa shamba na wa mji, maskini na tajiri. Asiyeijua dhambi yake mwenyewe huitafuta kwa jirani, naye hataacha kuua, kwa kuwa haimalizi kamwe.

Liko swali moja ambalo hatuna budi kulijibu. Mkuu wa gereza lile, Kaing Guek Eav, aitwaye Duch, alikuwa mwalimu wa hesabu. Baraza la hukumu lilithibitisha watu wasiopungua 12,272 waliouawa chini ya mkono wake. Naye mwaka 1996 alibatizwa. Mbele ya baraza aliomba msamaha, lakini mwisho wa kesi, mwaka 2009, akaomba afunguliwe. Alihukumiwa kufungwa maisha mwaka 2012, akafa mwaka 2020. Je! damu ya Kristo yatosha kwa mtu kama huyo?

Yatosha. Tukisema haitoshi kwake, hatuna hakika ya kuwa yatosha kwetu. Lakini ubatizo si mlango wa kulikimbia baraza. Mungu huutawala ulimwengu kwa mikono miwili: kwa Injili huwasamehe watubuo, na kwa sheria huwalinda wanyonge na kuwaadhibu wauaji. Mnyang'anyi msalabani aliahidiwa Paradiso, wala hakushushwa msalabani. Tena mwenyewe alikiri ya kuwa alistahili. Kama toba ya Duch ilikuwa kamili, Mungu ajua. Nasi tusiwahimize yatima na wajane kusahau upesi. Machozi yao nayo yamo mbele za Mungu.

Basi, wazee wa kanisa, hazina ya usharika na ihesabiwe mbele ya watu, na fungu la maskini liwafikie maskini. Wakatekista, wafundisheni vijana kumwuliza kila aahidiye kivuli: matawi yako ya wapi? Maana yuko Mfalme mmoja tu ambaye hakuwavika wengine miiba, bali alivikwa mwenyewe. Hakutoa moto juu ya adui zake, bali aliwaombea. Chini ya mti wake kuna kivuli cha kweli.

Ee Bwana Yesu, utulinde na uchoyo unaootesha miiba, na hasira inayoikimbilia. Amina.