Haki ya Udongo na Haki ya Elimu

Mkulima wa Kisaka, wilayani Serengeti, hulima mtama na muhogo katika udongo ambao konzi moja yake ina bakteria wasiohesabika. Baadhi yao hutoa vitu viwezavyo kuua bakteria wengine, na antibiotiki nyingi alizo nazo mwanadamu asili yake ni viumbe wa namna hiyo.

Zamani mtaalamu aliokota alichokikuta. Mwaka 1985 David Hopwood wa Norwich, Uingereza, na Satoshi Ōmura wa Japani, pamoja na wenzao, walieleza jinsi walivyohamisha jeni za bakteria mmoja wa udongo wakazitia katika mwingine, naye akatoa antibiotiki isiyopata kujulikana kabla. Haja ya dawa za namna hii ni kubwa, madhali vijidudu vya maradhi hujipatia nguvu za kustahimili dawa za kale.

Hapo huzuka swali: kitu kilichotoka katika udongo wa mmoja, kikageuzwa na elimu ya mwingine, ni mali ya nani? Swali hili si la kubuni. Akabosi, dawa ya kisukari ya kampuni ya Bayer ya Ujerumani, hutokana na bakteria aliyepatikana katika udongo wa Kenya. Iliingia sokoni mwaka 1990, kabla Mkataba wa Bioanuwai wa 1992 haujatamka kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya maliasili zake.

Wako wasemao kuwa udongo ni bure kama mvua, na thamani huletwa na akili, gharama na subira. Neno hilo lina ukweli, lakini si ukweli mzima. Fundi aliyechonga mlango kwa mti wa jirani anastahili ujira wa kazi yake, wala ujira huo haufuti deni la mti. Kadhalika mwenye mti hawezi kudai mlango mzima, kwa sababu bila patasi ya fundi mti ungaliishia kuwa kuni.

Itifaki ya Nagoya ya 2010, iliyoanza kutumika 2014, yataka ruhusa itangulie na faida igawanywe kwa haki. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari peke yake halitoshi. Kampuni na serikali zikigawana faida, huku mgonjwa wa kijijini akikosa kidonge, hesabu hiyo ni timamu kwa karatasi na pungufu kwa utu. Mgawo wa haki ni ule ambao dawa yenyewe, kwa bei inayowezekana, huhesabiwa kuwa fungu la kwanza la wenye udongo.