Dinari Mbili za Msamaria



Mfano wa Msamaria Mwema, katika Injili ya Luka sura ya 10, tunaujua tangu Shule ya Jumapili. Lakini mara nyingi tunaishia kwenye mafuta na divai. Tunasahau kwamba Msamaria alimpa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi kurudi na kulipa kitakachozidi. Alijua kuwa kufunga jeraha ni mwanzo tu wa uponyaji.

Sisi wa Kilosa na Mikumi twayajua majeraha. Desemba 2000, pale Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Wafu walizikwa, majeruhi wakatibiwa. Je, vijana walioyaona yale, nani aliwarudia?

Namkumbuka mwanafunzi wangu aliyepigwa risasi mguuni katika ugomvi wa namna hiyo, miaka ya baadaye. Mguu ulipona, akarudi darasani. Lakini pikipiki ikitoa mlio mkubwa barabarani, yeye huyo chini ya dawati. Wenzake walicheka. Nami, nakiri mbele zenu, nilimkemea kwa utundu. Ualimu nilifundishwa kuandaa somo. Sikufundishwa kuutambua moyo uliojeruhiwa. Aliacha shule kabla ya mtihani.

Ujinga wa namna yangu hauondolewi kwa huruma peke yake. Wahitaji uchunguzi, na uchunguzi wahitaji fedha. Hata Marekani, nchi tajiri, tangu 1996 utafiti wa majeraha ya bunduki ulikaribia kukosa kabisa fedha za serikali, mpaka Bunge lao lilipotenga dola milioni 25 katika bajeti ya 2020. Zaidi ya miaka 20 bila dinari mbili!

Basi yatupasa nini? Wazazi, mtoto aliyeshtuka msimwite mkaidi wala mwenye pepo; mpelekeni kwa mganga hospitalini, nanyi mwombeeni. Akija mtafiti kijijini, mpokeeni, tena mwulizeni atarudi lini na majibu. Wapanga bajeti wakija kuomba kura, waulizeni habari ya vijana hawa. Wala tusichague: Msamaria na Myahudi hawakupatana, kama vile mkulima na mfugaji, lakini aliyelala njiani alikuwa jirani.

Ee Bwana, utusamehe sisi tuliopita kando. Utufundishe kurudi. Amina.