Faini ya Mfongo

Uchaggani mtoto wa kiume wa mwisho hurithi nyumba ya baba, wa kwanza hukatiwa kipande chake, na wa katikati hujitafutia. Vihamba, yaani mashamba ya ukoo, vimegawanywa kizazi hadi kizazi mpaka vingine havifiki ekari moja, kwa hiyo kuondoka si jambo geni mlimani. Ila zamani aliyeondoka alikuwa na kahawa ya kumrudisha, na KNCU, ushirika ulioanzishwa mwaka 1933, wa kuinunua. Mwaka 1989 mfumo wa migawo ya kahawa katika soko la dunia ulipovunjika, bei iliporomoka, na vijana wengi hawakuona tena sababu ya kurudi msimu wa kupogolea.

Itazame nyumba moja, juu kidogo ya Marangu Mtoni. Ni ya kutunga, lakini msomaji wa Rombo au Machame atadhani nimemsema jirani yake. Mrithi ni kitindamimba, naye yuko Dar es Salaam, anauza vipuri Kariakoo. Nyumbani kaacha mke, watoto wawili na mama yake mzee. Tangu M-Pesa iingie Tanzania mwaka 2008 hakuna tena kumsubiri kondakta na bahasha. Kila mwisho wa mwezi simu ya mke inalia. Kijiji kizima kinamsifu mwanamume huyu, na anastahili: ada imelipwa, bati limebadilishwa, bibi hakosi dawa za presha.

Hesabu ya kazi ndiyo ambayo hakuna aliyeipiga. Alipokuwepo, kahawa ilikuwa yake: kupogolea, kuondoa machipukizi, kupiga dawa. Mke alikuwa na migomba, mahindi ya tambarare na majani ya ng'ombe wa zizini. Alipoondoka alimwambia mkewe, "Weka kibarua, nitatuma." Akatuma, mara nyingine msimu ukiwa umeshapita. Kibarua analipwa kwa mti, basi anakimbiza. Tawi bichi linaanguka pamoja na kavu. Mke anamsimamia tangu asubuhi, kisha anateremka tambarare kukata majani, anapanda na mzigo kichwani jua likizama. Kusimamia nako ni kazi, tena isiyo na ujira. Akiona mti umezeeka haruhusiwi kuung'oa mpaka apige simu Kariakoo, na jibu ni lile lile: "Subiri nije Desemba."

Hayo yangevumilika. Kilichowaponza ni mfongo.

Mfongo ni mfereji wa mababu, unaotoa maji mtoni huko juu na kuyashusha vihambani. Siku ikitangazwa, wanaume wanatoka na majembe kuzoa tope na kukarabati banio, kizuizi kinachoelekeza maji mferejini. Asiyetoka anatozwa faini. Bwana wetu alipiga hesabu: faini ni elfu tano, nauli ya kwenda na kurudi ni mara nyingi zaidi. Akatuma faini. Wa Arusha akaona vivyo hivyo, na wa Mombasa. Mwaka wa kwanza walitoka nusu ya wanaume. Baada ya miaka michache walikuwa wazee wanne, na mtunza hazina mwenye pesa asiyejua azipeleke wapi. Faini iliwekwa ili imwaibishe mtegeaji mmoja; kila mtu alipoilipa kwa hiari, ikawa ada ya kutofanya kazi. Masika yakalibomoa banio, na maji yakaishia njiani.

Kiangazi kilichofuata migomba ilisinyaa. Binti akawa anachelewa shule kwa sababu ya foleni ya chemchemi. Pesa ya kibarua ikahamia soko la Mwika, kununua ndizi. Mchagga mwenye kihamba, ananunua ndizi! Mume akapiga simu kwa hasira: pesa zote zile zinakwenda wapi? Mama yake akaomba apewe simu. "Mwanangu," alisema, "tunakula ulichotuma. Zamani tulikuwa tunakula tulicholima."

Watani wa kijiweni walimlaumu mke kwamba hajui kusimamia. Huo ni uonevu. Alipewa kazi za watu wawili bila kupewa kauli ya hata mmoja.

Wewe unayetuma, siku ya mfongo inajulikana mapema. Ikiwezekana, chukua likizo yako wiki hiyo, Krismasi ingoje. Ikishindikana, mlipe kijana wa hapo hapo asimame na jembe kwa jina lako. Na mti uliozeeka, mwache mkeo aung'oe leo.