Maji ya Mvua Hayasomi Hatimiliki



Wiki hii tujiulize swali moja. Je, mtu anaweza kumkosea jirani asiyemjua, huku akiwa shambani mwake, akifanya kazi halali?

Wengi tutasema hapana. "Hii shamba ni yangu, niko na hatimiliki. Wanaoharibu mazingira ni wenye viwanda na matajiri wa maelfu ya ekari. Nusu ekari yangu ya mahindi itamdhuru nani?"

Lakini maji ya mvua hayasomi hatimiliki. Mteremko ukilimwa bila matuta, ule udongo wa juu wenye rutuba huteremka mpaka mtoni. Mvua kubwa ikinyesha, Mto Tana hugeuka mwekundu. Rangi hiyo haitoki kiwandani. Sehemu kubwa hutoka kwa mashamba madogo madogo ya huko juu, na udongo huo hutuama katika bwawa la Masinga, lililofunguliwa 1981, ukila nafasi ya maji ya kuzalisha umeme. Katika Ziwa Victoria nako, naitrojeni na fosforasi kutoka mashambani, zikiungana na maji taka ya miji, hulisha gugumaji. Mvuvi anayeshindwa kutoa mashua yake hamjui aliyetia mbolea siku moja kabla ya mvua kubwa.

"Kwa hivyo mbolea ya duka ni sumu, tutumie samadi tu?" Hilo nalo ni kosa. Samadi ikisombwa na maji hulisha gugu lile lile. Na shamba linalovunwa kila mwaka bila kurudishiwa chochote huchoka. Cha kuuliza ni kiasi gani, wakati gani, na kama itabaki pale ulipoiweka.

Torati inalijua jambo hili. Soma Kutoka 22:6. Mtu amewasha moto, umeshika miiba, umeteketeza nafaka ya mwingine. Hatuambiwi kwamba alikuwa na nia mbaya. Hata hivyo analipa, kwa sababu moto ulianzia kwake.

Hapo mtu ataniuliza, "Na yule mjane anayelima mteremko kwa sababu ndiyo ardhi pekee aliyoachiwa, naye tumhukumu?" Hapana. Deni hili halilingani kwa wote. Anayejua na ana nguvu anadaiwa zaidi kuliko asiye na uwezo. Na sisi tulio huku chini, tunaokunywa maji ya mto na kuwasha taa kwa umeme wa bwawa, tunadaiwa pia. Kumlaumu mjane na kukataa kumshikia jembe si haki.

Msije mkasema pia kwamba watu wakiwa wengi, lazima ardhi ife. Miaka ya 1930, maafisa wa serikali ya kikoloni waliona milima ya Machakos ikiwa imechimbika kwa mmomonyoko, wakasema watu na mifugo wamezidi. Kufikia 1990 watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, lakini mmomonyoko ulikuwa umepungua. Ilikuwaje? Watu walichimba fanya juu: mtaro unaokata mteremko, udongo ukitupwa upande wa juu, na nyasi zikipandwa kushika ukingo. Mingi ilichimbwa kwa mwethya, yaani vikundi vya majirani vinavyolima leo kwa huyu, kesho kwa yule. Hakuna aliyeachiwa mlima wake peke yake.

Wapendwa, mvua ijayo ikinyesha, usikae tu ndani. Tembea hadi mpaka wa chini wa shamba lako, uangalie maji yanayotoka yana rangi gani na yanaingia kwa nani. Kisha nenda ukaongee na huyo jirani, na yule wa juu yako pia, mpange siku ya kuchimba.