Neno Bila Maana Bado ni Neno?

Julai 2015, mjini Louvain-la-Neuve, Ubelgiji, Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vigae vya herufi, kwa lugha ya Kifaransa. Lugha hiyo haijui. Miezi michache tu kabla ya hapo alikuwa ameketi na orodha ya maneno ya Kifaransa akaihifadhi kichwani, kisha katika fainali akamshinda mchezaji wa Gabon, nchi ambayo Kifaransa ndiyo lugha yake rasmi. Mwaka 2024, huko Granada, alirudia jambo hilohilo kwa Kihispania.

Kwa Kiingereza, lugha yake ya kuzaliwa, Richards amekuwa bingwa wa dunia mara tano. Lakini hata hapo ujuzi wake ni wa aina ya pekee. Katika mchezo ambao wapenzi wa Scrabble wanausimulia hadi leo, mkononi alikuwa na C, D, H, L, N, R na kigae kitupu, kile kinachoweza kusimama badala ya herufi yoyote. Mchezaji mzuri angeliona haraka neno CHILDREN, kwa kuazima E iliyokuwa ubaoni. Richards alipitisha herufi zake katikati ya O mbili na E zilizokwisha kuwekwa, akaandika CHLORODYNE. Hiyo ilikuwa dawa ya karne ya 19, mchanganyiko wa kasumba, bangi na klorofomu, iliyobuniwa na John Collis Browne, daktari wa jeshi la Waingereza kule India, kutibu kipindupindu. Ili kupata pointi, hakuna hata chembe ya habari hiyo anayohitaji mchezaji kuijua.

Wenye mchezo wao hawahangaiki kuzungusha herufi ovyo. Herufi saba zisizojirudia hupangika kwa namna 5,040, na muda wa kuzijaribu zote haupo. Badala yake huzipanga kwa mfuatano wa alfabeti na kuufanya mpangilio huo kuwa ufunguo. AEINRST hufungua NASTIER, RETAINS, RETINAS, RETSINA na STEARIN. La kwanza ni sifa ya kitu kibaya zaidi, la pili ni tendo la kubakiza, la tatu ni sehemu za jicho zinazopokea mwanga, la nne ni mvinyo wa Wagiriki, la tano hutumika katika kutengeneza mishumaa. Kimaana hayana undugu wowote. Yamekutanishwa na herufi tu. Programu ya kompyuta inaweza kupata maneno kwa njia iyo hiyo, na kwa kasi isiyofikiwa na binadamu.

Basi je, Richards anayajua maneno hayo?

Mwanafalsafa wa Marekani John Searle aliuliza swali la jinsi hii mwaka 1980. Alimwazia mtu asiyejua Kichina, amefungiwa chumbani na kitabu cha kanuni. Karatasi zenye alama za Kichina zinaingia, naye anafuata kanuni na kutoa alama nyingine, hata walio nje wakaamini wanajibizana na Mchina. Searle alisema mtu huyo haelewi kitu, na kompyuta nayo haielewi. Kwa hukumu hiyo, Richards ni yule mtu wa chumbani.

Hukumu hiyo ni kweli nusu. Mwaka 1975 mwanafalsafa mwingine, Hilary Putnam, alikuwa amekiri kwamba hakuweza kutofautisha miti miwili, elm na beech, ilhali kila akiyataja majina hayo alimaanisha miti tofauti, kwa sababu wapo watu wanaoweza kuitofautisha. Maana, alisema, haikai kichwani mwa mtu mmoja. Hubebwa na jamii kwa kugawana kazi. Waislamu wa Pwani hawahitaji kufundishwa hilo. Mtoto wa madrasa huhifadhi Juzuu Amma, sehemu ya Kurani, kabla hajaelewa Kiarabu, na hakuna mzee anayeona kazi hiyo ni bure. Mtoto amepokea amana. Tafsiri ipo kwa masheikh, na wenye kuamini wanasema thawabu ipo katika kusoma kwenyewe. Mchezaji wa Scrabble hana ibada katika orodha yake, lakini naye anategemea walioyaishi maneno kabla yake. Pasingekuwa na watu waliokunywa dawa ya Browne na kuiandika, CHLORODYNE isingekuwa na pointi hata moja.

Hapo ndipo ugomvi juu ya orodha za maneno ya Scrabble unapoeleweka. Mwaka 2020 shirika la wachezaji wa Amerika Kaskazini liliondoa katika orodha yake matusi yanayolenga rangi, kabila, dini na jinsia za watu. Mwaka 2021 kampuni ya Mattel, yenye haki za Scrabble nje ya Marekani na Kanada, iliondoa maneno yapatayo 400. Wachezaji wengine wenye majina makubwa walipinga vikali. Hoja yao: ubaoni maneno hayana maana, ni vyombo vya kuvunia pointi tu, na vyombo havimtukani mtu.

Ni hoja ya watu makini, na kwa anayetafuta maneno peke yake usiku, ina uzito. Lakini katika mashindano Scrabble huchezwa na watu wawili wanaotazamana. Mchezaji Mweusi au Myahudi anayewekewa ubaoni tusi walilotukanwa babu zake hawezi kuambiwa kwamba hizo ni herufi tu, kwa kuwa yeye ni mmoja wa wanaoibeba maana yake. Mwenzake anaweza kuisahau wakati wa mchezo. Yeye hakupewa nafasi hiyo. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya Hasbro ilikuwa imesafisha kamusi ya kuchezea nyumbani huko Amerika Kaskazini, lakini matusi yakaachwa katika orodha ya mashindano, kana kwamba ushindani huyafanya kuwa safi. Uamuzi wa kuyaondoa ulikuwa wa haki, na ulichelewa miaka 25.