Deni la Unga

Hapa Nakivale tunapenda kuuliza: "Nani alifanya hivi?" Mgao ukipungua au bei ikipanda, lazima awepo mtu. Mwaka 2023 mimi pia nilimtafuta mtu huyo.

Mwezi wa saba mgao ulipangwa upya kwa makundi matatu: la kwanza 60%, la pili 30%, la tatu hawapati kitu. Nilikuwa na kiduka, nikikopesha kama tunavyokopeshaga wote: chukua leo, ulipe siku ya mgao. Niliposikia habari hizo nikafungua daftari, nikaanza kudai. Hesabu yangu ilikuwa sawa: nisipodai sasa, nitakosa pesa ya kwenda Mbarara kuleta unga. Kumbe wenye maduka wengine walipiga hesabu hiyohiyo, wiki hiyohiyo. Jirani yangu, mama mkaanga mandazi, alidaiwa na watu watatu. Alitulipa kwa mtaji wake. Asubuhi hakukuwa na mandazi, na unga wangu wa ngano ukakosa mnunuzi. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anatubebea mizigo akakosa kazi. Naye yumo kwenye daftari langu. Kila mmoja alijilinda, na kwa kujilinda tukaangushana.

Wataalamu wanaita hii mfumo changamani. Si sawa na kitu kigumu tu. Injini ya pikipiki ni ngumu kwangu, lakini fundi anaifungua, anaona kipuri kibovu, anabadilisha, basi. Soko la Base Camp hulifungui hivyo, maana vipuri vyake vinatazamana na kugeuka. Mmarekani Warren Weaver aliandika mwaka 1948 kwamba sayansi imezoea matatizo ya vitu vichache, na yale ya vitu vingi mno visivyo na mpangilio, kama chembe za gesi. Katikati kuna vitu vingi vinavyoshikana, na hapo ndipo kazi ilipo. Tazama vichuguu. Mfaransa Grassé alieleza mwaka 1959 kwamba mchwa hujenga bila msimamizi: kila mmoja huongozwa na kazi aliyoikuta. Wenzangu waliniona nikidai, nao wakadai.

Niliipenda elimu hii, lakini kwa sababu mbaya. Nilijiambia: basi si mimi, ni mfumo. Halafu nikaitambua sauti hiyo. Ndiyo tunayojibiwa dirishani: "Mfumo umekataa." Nikiambiwa hivyo naumia, vipi nijiambie mwenyewe?

Mchwa hajui kama jirani yake hana moto. Mimi nilijua, ukuta kwa ukuta. Mzunguko mzima sikuweza kuuona, kweli, na sikubali kubebeshwa wote. Lakini hatua ile moja iliyokuwa mbele ya macho yangu niliiona. Ningeweza kudai nusu. Ningeweza hata kuwaita wale wawili, tukae dakika kumi, tukubaliane nani asubiri.

Nanyi ndugu wa mashirika, fomu zenu zina mstari mmoja wa sababu na mmoja wa matokeo. Tunajaza kitu kimoja ili foleni isonge. Siku moja ulizeni pia: nani anamdai nani?

Mama yule alirudi kukaanga baada ya miezi, kwa mkopo wa kikundi chao cha akiba. Kila asubuhi anapita mlangoni kwangu, ananisalimia vizuri kabisa, kisha anaendelea kwenda kununua unga duka la pili.